Mkasi mmoja kwa darasa zima: kufundisha jeni za kingamwili kwa ushanga

Nasomesha bayolojia kidato cha sita hapa Wete, Pemba. Mwaka wa kwanza niligawa mkasi kila meza. Robo saa haikwisha, nyuzi zote zilikuwa vipande, na mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nani anaukataza mkasi?" Tangu siku hiyo somo langu la seli B, seli za damu zinazotengeneza kingamwili, linaanza na swali lake, na mkasi ni mmoja, nao naushika mimi. Mkasi huo ni mfano wa RAG, protini zinazokata DNA na kuungisha vipande vya jeni.

Uzi ni DNA, na kila ushanga ni kipande cha jeni ya mnyororo mzito wa kingamwili; vipande ni vya aina tatu, V, D na J, na seli huunganisha kimoja cha kila aina. Kila kundi litunge nyuzi mbili, wa mama na wa baba: shanga nyekundu ni V, kisha za manjano D, mwisho za buluu J. Binaadamu ana V zinazofanya kazi kama 40, D 23 na J 6 kwenye kromosomu ya 14. Darasani V sita, D nne na J tatu zinatosha. Kila V na kila J ifungiwe mafundo mawili upande unaoelekea D. D ifungwe fundo moja kila upande. Fundo moja ni nafasi ya herufi 12, sawa na mzunguko mmoja wa DNA. Mawili ni herufi 23. Mkasi huunganisha fundo moja na mawili tu, kwa hiyo V haiwezi kuiruka D ikaenda kwa J.

Hapa msiende mbio. Sehemu ya V izongeni kwa kipande cha kanga, yaani DNA iliyofungwa mkasi usiifikie; D na J zibaki wazi, mzibane kwa kibanio cha nguo. Kibanio ni alama iliyo juu ya histoni, protini ambazo DNA huzongwa juu yake, nayo RAG2, mojawapo ya protini za mkasi, huishika alama hiyo. D na J zikishaungana, ndipo kanga ifunguliwe. Wenzangu wengi hukimbilia kuhesabu mamilioni ya michanganyiko, mwanafunzi akatoka hajui kwamba seli huchagua pa kufungua na lini.

Kwenye maungio watie shanga nyeupe kwa kubahatisha, kama afanyavyo kimeng'enya TdT. Idadi yake ikigawika kwa tatu, uzi unasomeka. Isipogawika, wahamie uzi wa pili. Huo nao ukishindwa, seli inakufa. Uzi mmoja ukisomeka, mwingine uzongwe kanga na mkasi nauchukua: seli inagawanyika sasa, na RAG2 huharibiwa DNA inaponakiliwa. Mkato usiodhibitiwa una hatari ya kweli. Katika limfoma nyingi za folikula, saratani ya seli B, jeni BCL2 ya kromosomu ya 18 imeunganishwa na kromosomu ya 14.

Baadaye mkasi unarudi kwa mnyororo mwepesi, sehemu ya pili ya kingamwili, wenye aina mbili, kapa na lamda: kapa kwanza, kromosomu ya 2. Hapo hakuna D: V fundo moja, J mawili. Kapa ikishindwa, ni zamu ya lamda.

Vipande vilivyokatwa wavifunge mduara, maana havirudi tena kwenye uzi. Wangu huondoka navyo mkononi kama bangili.