Afisa ustawi wa jamii, tazama pia miradi ya ujenzi
Mhitimu wa ustawi wa jamii anayesubiri ajira ya halmashauri au hospitali asiyapuuze matangazo ya kazi ya miradi ya barabara, reli na umeme. Tangu Oktoba 2018, miradi mipya ya uwekezaji inayofadhiliwa na Benki ya Dunia hufuata viwango 10 vya mazingira na jamii, na cha 5 kinawahusu wananchi wanaopisha mradi. Hapo anahitajika mtu wa kuketi barazani na mjane, kumsikiliza kuhusu kaburi la mumewe litakalohamishwa, kisha kuliandika lalamiko lake na kulifuatilia hadi lijibiwe. Hiyo ni kazi yetu hasa, ingawa tangazo litataja “mtaalamu wa masuala ya jamii”. Katika wasifu wako, eleza mashauri uliyoyashughulikia kabla ya kuorodhesha vyeti.