Mboji ya samadi bila kurundika metali shambani

Wafugaji wengi wa nguruwe na kuku huamini kwamba lundo la samadi likishapata joto la nyuzi 60 za Selsiasi, kila kibaya kimekwisha. Ni kweli kwamba vimelea hufa na mbegu nyingi za magugu huharibika, lakini shaba, zinki na kadmiamu haziozi wala haziungui. Kinachopungua ni samadi yenyewe. Tuchukue kilo 100 za samadi kavu yenye miligramu 300 za zinki kwa kila kilo, yaani gramu 30 kwa jumla: lundo likiiva na kubaki kilo 60, gramu ni zilezile, ila sasa kila kilo ina miligramu 500.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye hori. Shaba na zinki huongezwa katika premiksi, yaani mchanganyiko wa madini na vitamini unaotiwa kwenye chakula cha nguruwe na kuku, na sehemu kubwa hutoka na kinyesi. Soma lebo ya mfuko, pima premiksi kwa mizani badala ya kukadiria kwa kopo, na usiongeze madini juu ya chakula ambacho kiwanda kimeshakikamilisha. Kwa ng'ombe wa maziwa, maji ya mrututu yaliyooshea kwato yasimwagwe kwenye shimo la samadi, kwani ile rangi ya buluu ndiyo shaba yenyewe. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi nayo yakae mbali na lundo.

Ukitaka kujua hali halisi, pima. Chota kiganja kimoja kimoja kutoka sehemu kumi hivi za lundo lililoiva, juu, katikati na chini, changanya vizuri, kisha toa nusu kilo. Tumia ndoo ya plastiki, kwa sababu ndoo ya bati imepakwa zinki na itakupotosha. Kabla ya kupeleka sampuli, iulize maabara kama inapima metali nzito, maana kipimo cha kawaida cha rutuba mara nyingi hakizihusishi zote. Majibu unaweza kuyalinganisha na viwango vya Umoja wa Ulaya vya mbolea za asili zinazouzwa: kwa kila kilo ya mboji kavu, kadmiamu isizidi miligramu 1.5, risasi 120, shaba 300 na zinki 800.

Mboji ikizidi viwango hivyo, kuichanganya na maganda ya mpunga kutashusha namba kwenye karatasi, lakini ukimwaga lundo lote shambani, metali itakayofika ni ileile. Iweke kidogo, kwenye miti ya mbao badala ya mchicha na mboga nyingine za majani, ambazo hufyonza kadmiamu kwa urahisi. Udongo wenye asidi uwekewe chokaa kwanza, ili metali zishikwe na mizizi izipate kwa shida. Na kama shaba ndiyo iliyozidi, usichungie kondoo mahali hapo, kwani wao hudhurika kwa shaba haraka kuliko ng'ombe.