Kiatu cha mwenye kisukari: amini boksi, usiamini mguu

Mtu mwenye kisukari ambaye nyayo zimeanza kufa ganzi akijaribu viatu dukani, mara nyingi huchukua kinachombana. Kinachomtosha hukiona kinapwaya, kwa sababu mguu wake hausikii mpaka ubanwe. Ndiyo maana kliniki ya miguu hatuulizi "unakionaje?" Tunapima.

Hatua ya 1: Kata kipimo nyumbani. Fanya jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa shughuli za siku. Vaa soksi utakazozitumia, simama wima juu ya kipande cha boksi, na mtu mwingine akuchoree huku kalamu ikiwa wima. Usikae, maana mguu hutanuka ukibeba uzito. Chora yote miwili; ikizidiana, nunua kwa ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe dole gumba) ongeza sentimita 1 hadi 2, kisha kata.

Hatua ya 2: Ingiza boksi ndani ya kiatu. Likijikunja pembeni au mbele, rudisha. Muuzaji atakuapia kwamba kitatanuka. Kitatanuka kweli, ila ngozi yako ndiyo itakayofanya kazi hiyo. Namba nayo isikudanganye: 42 ya kiwanda hiki si 42 ya kile.

Hatua ya 3: Pitisha mkono ndani, taratibu. Tafuta mshono uliotokeza, ncha ya msumari, gundi iliyoganda. Kwa mtumba kuwa mkali zaidi. Raba za mtumba nyingi ni imara na bei yake naielewa, lakini soli ya ndani imeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kama inatoka, weka mpya. Kama imegandishwa na ina mashimo, au soli ya chini imelika upande mmoja, acha.

Hatua ya 4: Tazama umbo. Mbele pawe pana na pa mviringo, vidole visiguse juu. Kisigino kisizidi sentimita 2. Soli iwe nene, isipenywe na mwiba kirahisi. Pawe na kamba au mkanda wa kubandika. Moka haina pa kulegeza, hushika mguu kwa kuubana tu. Kandambili sizipendi kabisa: mkanda wake hukata ngozi kati ya vidole, na wapo wanaoiacha njiani bila kujua imevuka.

Hatua ya 5: Kizoeze. Vaa saa moja ndani ya nyumba, vua, kagua, nyayo kwa kioo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa kiganja kutafuta joto, na tazama malengelenge. Ongeza muda kidogo kidogo. Kabla ya kuvaa, kila mara, kikung'ute.

Aliyewahi kupata kidonda au kukatwa kidole asianzie dukani. Aanzie kliniki, huenda akahitaji kiatu cha kutengenezewa. Na mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, usiukanyagie. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.