Namna ya Kujenga Nyayo Njema za Kidijitali

Meneja wa Upper Hill anayetafuta mhasibu, mwenye nyumba wa Umoja anayetaka kumjua mpangaji mpya, na kamati inayogawa ufadhili wa masomo, wote wanaweza kuandika jina lako kwenye Google kabla hawajakupigia simu. Watu hao hawakujui, kwa hiyo hawawezi kung'amua kwamba siku ile ulikuwa unatania, wala kwamba maneno fulani uliyaandika ukiwa kidato cha tatu. Nyayo za kidijitali ni alama zote zinazokuhusu zilizobaki mtandaoni, na kujenga nyayo njema ni kumwandalia msomaji huyo mgeni ushahidi wa kweli wa jinsi ulivyo na kazi unayoifanya.

Anza kwa kujitafuta. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari ili matokeo yasiathiriwe na akaunti yako, kisha uandike majina yako ndani ya alama za kunukuu, kwanza kwa mpangilio wa kitambulisho, halafu kwa mpangilio wanaoutumia marafiki. Tafuta pia lile jina la utani ulilolitumia Facebook zamani, barua pepe yako na nambari ya simu, ambayo huenda bado imo katika tangazo la kale la kuuza sofa. Pitia sehemu ya picha, na uandike mahali fulani kila unachokikuta.

Machapisho ya nyakati za uchaguzi ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wenye staha huandika mambo ambayo wasingethubutu kuyatamka mbele ya jirani. Kwenye X, andika from: ikifuatiwa na jina la akaunti yako pamoja na neno unalolitilia shaka, kwa mfano jina la kabila au la mwanasiasa, ukianzia miezi ya kampeni za 2013, 2017 na 2022. Facebook ina mpangilio unaowezesha machapisho yote ya zamani yaonekane na marafiki pekee kwa hatua moja. Nchini Kenya, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na huu ndio wakati wa kuamua utakavyoandika joto la kampeni litakapopanda. Kufuta, hata hivyo, hakuondoi picha ya skrini iliyo kwenye simu ya mtu mwingine. Ukiulizwa kuhusu chapisho la zamani, kiri kwamba ni lako na ueleze ulichobadilisha, kwa sababu kulikana kunaharibu jina kuliko chapisho lenyewe.

Nyayo nyingine huachwa bila kukusudia. Ukichapa wasifukazi na kitambulisho kwenye karatasi katika saiba ya Moi Avenue, toka kwenye barua pepe yako, kisha ufute nakala zilizobaki kwenye folda ya mafaili yaliyopakuliwa na kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo. Kabla ya kuiacha laini ya simu, ondoa nambari yake katika akaunti zote, kwani laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kupewa mteja mwingine.

Picha za watu wengine ni sehemu ya nyayo zako pia. Omba idhini kabla ya kuchapisha picha ya mtu, na ikiwa ni mtoto, muulize mzazi. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja wake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo ofisi hiyo huitekeleza, inakulinda nawe: unaweza kuomba taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe, na ukipuuzwa unaweza kulalamika kwa Kamishna, ambaye anatakiwa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90.

Baada ya kusafisha, jenga, na ujenge kwa kazi inayoonekana. Fundi wa umeme wa Kariobangi anayeweka picha ya swichibodi kabla na baada ya ukarabati, akaeleza hitilafu ilikuwa ipi na aliitatua vipi, anamsaidia mteja kuliko ukurasa uliojaa maneno ya kujisifu. Mwanafunzi anaweza kuhariri makala za Wikipedia ya Kiswahili, ambako kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la akaunti iliyolifanya. Vijana wa Kibera walifanya jambo la aina hii mwaka wa 2009, walipoanza kuichora mitaa yao kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, wakati ambapo eneo hilo lilikuwa karibu tupu katika ramani za umma. Tumia jina lako halisi katika kazi kama hizo, na liwe lile lile kila mahali.

Habari usiyoweza kuithibitisha usiisambaze, hata ikiwa imetoka kwenye kikundi cha familia.

Mwisho, weka arifa ya jina lako kwenye Google Alerts, huduma inayokutumia barua pepe jina hilo linapotajwa upya mtandaoni. Ukigundua akaunti bandia inayojifanya wewe, piga kwanza picha za skrini zinazoonyesha anwani yake na tarehe, ndipo uiripoti kwa mtandao husika na uwatahadharishe jamaa zako wasitume pesa. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni kwa hila ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, kwa hiyo picha hizo uzipeleke kituo cha polisi na uombe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.