Geji ya joto pekee haitoshi: funga na king'ora cha maji

Wenye Hiace mlizogeuza kuwa gari la kulala safarini, sikilizeni. Geji ya kwenye dashibodi husoma joto la maji. Maji yakivuja yote, sensa yake hubaki hewani, na mshale unaweza kutulia pale pale au hata kushuka huku silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) inaungua. Ukiwa unapanda mlima Kitonga na mzigo wa vitanda, maji na jiko, dakika chache zinatosha kuharibu gasketi (kiziba kati ya hedi na injini).

Kwa hiyo funga ving'ora viwili. Cha kwanza ni cha kiwango cha maji: swichi ya boya ndani ya tangi la akiba, juu kidogo ya alama ya chini. Cha pili ni sensa ya pete, ifungwe chini ya bolti ndogo iliyo kwenye hedi yenyewe (usiguse bolti zinazoshikilia hedi). Hiyo hupima chuma, maji yawepo yasiwepo. Endesha siku kadhaa uone joto la kawaida, kisha weka king'ora kilie nyuzi 10 juu yake.

Umeme chukua kwenye waya unaopata umeme ukiwasha swichi ya funguo, ukiwa na fyuzi yake. Kikilia, simama. Rejeta usiifungue mpaka ipoe kabisa.