Damu ya choya, panga la mkeka: vifaa vya jukwaani visivyoumiza mtu

Mimi ni mtunza vifaa wa kikundi cha maigizo hapa Temeke, na muhula ukikaribia kwisha simu yangu haitulii. Ni walimu walezi wa vilabu vya sanaa: "Dada, tuna mchezo Ijumaa, tunataka panga, damu na moshi, na hela hatuna." Haya mwalimu, kaa tuongee.

Usianzie dukani. Anza na mtu aliyekaa safu ya tatu: anatakiwa aone nini, asikie nini? Makali ya panga hayaoni. Anachoona ni mng'ao, na jinsi anayekimbizwa anavyolikwepa. Ukishajua hilo, jiulize kitu chenyewe kitaishia wapi: mdomoni, machoni, kwenye ngozi, kifuani au karibu na moto. Rangi nzuri ya ukuta ni rangi mbaya ya shavu.

Tuanze na damu, maana ndiyo inayoulizwa kuliko vyote. Ya mdomoni lazima iwe chakula, hakuna mjadala. Chukua konzi mbili za choya kavu, chemsha kwa vikombe viwili vya maji mpaka yabaki kama nusu kikombe, kisha chuja. Rudisha jikoni na sukari ya kutosha kuifanya nzito. Koroga kijiko kidogo cha konflawa kwa maji ya baridi, mimina taratibu huku ukikoroga, na epua ikianza kung'ang'ania kijiko. Hapo itakuwa na rangi ya zambarau, na chini ya taa itaonekana kama juisi tu. Tia kakao kidogo, ncha ya kijiko, ipate ule ukahawia wa damu inayoanza kukauka, na matone ya rangi nyekundu ya chakula. Ijaribu kwenye mkono wa mtu, chini ya taa zilezile za ukumbini, usiihukumu ukiwa jikoni.

Angalizo moja la choya: haipatani na magadi wala sabuni. Ikikutana nayo hugeuka buluu au kijani, na marehemu anayetoka damu ya kijani atachekwa mpaka pazia lifungwe. Suuza vyombo vizuri. Na ipike siku hiyohiyo. Kwa joto la Dar, sukari na maji ya choya vikilala nje huanza kuchachuka.

Damu ya kumwagia nguo ni nyingine kabisa. Hiyo natengeneza kwa sabuni ya maji na rangi ya chakula, bila choya, ili ifulike kwa urahisi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kilekile, kwa sababu pamba nyeupe huwa haisamehe. Chupa yake naifunga utepe mweusi na kuandika SI YA MDOMONI kwa herufi kubwa. Na chupa iliyowahi kuwa na dawa ya wadudu haiingii kwenye sanduku langu hata ikioshwa mara ngapi. Ile dawa ya vidonda ya kahawia, wino na rangi ya mafuta, sahauni.

Panga sasa. Mbao nyepesi watu wanaiona salama, lakini mbao ikitua kwenye jicho ni mbao. Tumia mkeka wa povu, ile mikeka ya watoto inayounganishwa vipande vipande, inapatikana Kariakoo. Kisu kifupi unaweza kukikata kwenye ndala iliyochoka, ni povu la jamii hiyohiyo. Chora umbo, kata tabaka mbili, katikati weka fito nyembamba ya mwanzi inayoanzia kwenye mpini na kuishia shubiri nzima kabla ya ncha. Ncha lazima ipinde ukiibonyeza kwa kidole. Isipopinda, kata upya. Gandisha kwa gundi ya viatu, lakini fanya wewe mtu mzima, nje, penye upepo, maana moshi wa gundi ile si wa kuvutwa na watoto. Kando zote zikate kwa mshazari zionekane kama makali.

Mng'ao watu wanaukosea kwa kukimbilia rangi ya kupuliza. Paka kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili au tatu, ikauke kila mara. Kisha rangi ya maji ya kijivu. Ikikauka, saga ncha ya penseli laini na usugue unga wake kwa kitambaa kwenye makali tu. Ukiligeuza chini ya taa utadhani limetoka kwa mhunzi. Mkilazimika kutumia lile povu jeupe la boksi la TV, rangi ya kupuliza usiisogeze karibu: huliyeyusha likabaki mashimo.

Kwenye moto na moshi sina utani. Tarehe 20 Februari 2003, huko Rhode Island nchini Marekani, cheche za fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani kwenye klabu ya muziki, na watu 100 wakafa. Sponji ya godoro unayotaka kuchongea mwamba ni ya jamii hiyo. Ikiwaka hutoa moshi wa sumu kabla hujakumbuka mlango uko wapi. Miamba yangu ni maboksi, magazeti na uji wa ngano. Navyo vinawaka, ndiyo maana penye pazia, boksi na watoto hapawashwi hata mshumaa.

Jiko la mkaa linalowaka mbona ni rahisi? Jaza mkaa halisi usiowashwa, chini yake fukia taa ndogo za mapambo za betri, na katikati ya vipande vya mkaa chomeka nailoni nyekundu na ya machungwa ya kufungia zawadi, iliyokunjwakunjwa. Mwigizaji akilipepea kwa kipepeo, mwenzake aliye pembeni apunguze taa ya jukwaa kidogo. Wanakijiji wa safu ya mbele wataanza kunusa ugali.

Unga wa kurusha hewani kama vumbi au moshi, hapana. Tarehe 27 Juni 2015 huko Taiwan, wanga wa mahindi uliotiwa rangi ulirushwa juu ya umati kwenye tamasha ukalipuka. Watu 15 walikufa na mamia wakaungua. Ni konflawa hiyohiyo tuliyopikia damu. Ikiwa kwenye sufuria ni uji, ikiwa hewani ni baruti. Kwa moshi, azima mashine kwa DJ wa harusi, na utumie maji yake maalumu tu. Mtu asikudanganye utie dizeli. Mganga wako anaweza kupata chetezo kidogo cha ubani, mradi umeuliza kwanza nani ana pumu, jukwaani na ukumbini. Akiwepo hata mmoja, mganga atumie kayamba.

Uso wa mzimu: msipake chokaa, inaunguza ngozi na macho. Liwa yenye marashi inatoa weupe wa manjano unaotisha vizuri. Ukitaka weupe zaidi, changanya konflawa na mafuta ya mgando. Weusi ni mkaa uliosagwa laini na mafuta hayohayo, usikaribie jicho. Ule unga mweusi wa ndani ya betri, ambao zamani ulikuwa ukipakwa kwenye ubao, usiguse uso wa mtoto.

Whisky ni chai ya rangi iliyopoa, bila sukari, inzi wasije kuigiza nao.

Na kioo kinachovunjika? Wengine hupika sukari ikawa kama kioo. Sukari inayochemka kiasi hicho ikikudondokea inashika ngozi, vipande vyake bado vinakata, na unyevu wa pwani unaifanya inate hata kabla ya mchezo. Mimi navunja sauti tu. Weka vigae vilivyovunjika ndani ya gunia nene, gunia ndani ya ndoo ya bati yenye mfuniko uliofungwa kwa waya. Mwigizaji anarusha glasi ya plastiki nyuma ya pazia, msaidizi anaitikisa ndoo mara moja kwa nguvu. Wafanyieni mazoezi wote wawili pamoja, kwa sababu ndoo ikichelewa hata kidogo ukumbi mzima utajua.