Namna ya kuingia kwenye kazi ya kuwekeza katika kampuni changa za teknolojia, na kudumu humo

Mtu akija kwangu kutafuta kazi ya uwekezaji, simuulizi kwanza amesoma wapi. Namwambia anitajie kampuni changa tatu ambazo angezipa pesa leo hii, na moja inayosifiwa na kila mtu ambayo yeye angeikataa, kisha aniandikie sababu zake, ukurasa mmoja kwa kila kampuni. Wengi wakishaondoka hawarudi. Wanaorudi na kurasa zao nne, hata kama nakubaliana nao kwenye moja tu, hao ndio tunaokaa chini tukaongea.

Nimekuwa kwenye kazi hii miaka 14. Niliingia kama mchambuzi wa ngazi ya chini, leo ni mmoja wa wabia watatu wa mfuko mdogo wa uwekezaji. Namwandikia yule anayeutazama mlango kutoka nje, na yule aliyeingia juzi na hajui atapimwa kwa kipi. Ugumu wa kazi yetu uko hapo hasa: unaamua leo, na jibu linakuja baada ya miaka 7, 8, hata 10. Katikati hapo hakuna anayejua kama unaiweza kazi au umebahatisha, hata wewe mwenyewe hujui.

Anza na hesabu ya mfuko

Pesa tunazowekeza si zetu. Ni za mifuko ya pensheni, vyuo vikuu, makampuni ya bima na familia zenye uwezo. Nchini Marekani biashara hii ilinenepa baada ya 1979, serikali ilipofafanua kwamba mifuko ya pensheni inaweza kutia sehemu ya akiba yake kwenye uwekezaji wa hatari namna hii. Wenye pesa wanatukabidhi kwa kawaida kwa miaka 10, na mara nyingi mwaka mmoja au miwili ya nyongeza. Miaka 3 hadi 5 ya mwanzo tunatafuta kampuni. Inayobaki tunazilea na kutafuta namna ya kutoka, yaani kuuza hisa zetu. Malipo yetu yamezoeleka kuwa ada ya asilimia 2 ya mfuko kila mwaka, na asilimia 20 ya faida baada ya wenye pesa kurudishiwa mtaji wao.

Sasa chukua kalamu. Mfuko wa dola milioni 50 unapata ada ya milioni 1 kwa mwaka. Humo zitoke mishahara, ofisi, wanasheria, wakaguzi na safari. Ndiyo maana nafasi ni chache na mifuko midogo huajiri watu wawili au watatu tu. Mfuko wa dola bilioni 1 unapata milioni 20 kwa mwaka hata kabla haujawekeza senti. Ukichagua pa kufanya kazi, ujue ni ipi kati ya pesa hizo mbili, ada au faida, inayowaamsha mabosi wako asubuhi.

Hesabu ya pili ndiyo inayobadilisha macho ya mtu. Tuseme mfuko huo wa milioni 50 unaweka milioni 2 kwenye kampuni ambayo, pamoja na pesa hizo, ina thamani ya milioni 10. Umepata asilimia 20. Kampuni itahitaji pesa tena, labda mara tatu, na kila mara wawekezaji wapya wakichukua asilimia 20, chako kinamegwa: 20 inakuwa 16, kisha 12.8, kisha 10.24. Kampuni inauzwa kwa milioni 300 na watu wanashangilia. Mfuko wako unapata kama milioni 30.7. Umezidisha pesa zako mara 15 na bado hujarudisha mfuko. Ili kampuni hiyo moja irudishe mfuko mzima, lazima iuzwe kwa karibu milioni 490.

Rudia hesabu hiyo kwa namba zako mpaka uifanye bila karatasi. Ukishaielewa, utaelewa kwa nini mwekezaji anaikataa biashara nzuri kabisa, yenye faida na mmiliki mwaminifu: haiwezi kufika huko. Si kosa lake, na ni wajibu wako kumwambia hivyo waziwazi, kwa sababu benki au mkopo wa kawaida ungemfaa kuliko sisi. Kazi hii inaishi kwa kampuni chache sana. Georges Doriot, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii Marekani, na kampuni yake ya uwekezaji ya ARDC, iliyoanzishwa 1946, waliweka dola 70,000 kwenye hisa za Digital Equipment, kampuni ya kompyuta, mwaka 1957, na uwekezaji huo mmoja ukaja kuwa na thamani ya mamia ya mamilioni, ukafunika karibu kila kingine walichofanya.

Mlango ni kile ulichokiona kwa karibu

Watu huniuliza shahada ipi inahitajika. Angalia waliotangulia. Eugene Kleiner alikuwa mhandisi, mmoja wa wale wanane walioanzisha kampuni ya chipu ya Fairchild Semiconductor mwaka 1957, na baadaye mwanzilishi mwenza wa nyumba ya uwekezaji ya Kleiner Perkins. Don Valentine alikuwa mtu wa mauzo ya chipu kabla ya kuanzisha nyumba ya uwekezaji ya Sequoia mwaka 1972. John Doerr alitoka Intel akajiunga na Kleiner Perkins mwaka 1980. Michael Moritz wa Sequoia alikuwa mwandishi wa habari. Hawakupita njia moja, ila kila mmoja alifika na kitu alichokuwa amekishika kwa mikono yake.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa hesabu, na kwa miezi mingi niliona aibu kuwa mkaguzi katikati ya watu waliojenga programu. Mpaka siku moja ilipoletwa kampuni yenye slaidi za kupendeza, mapato yanapanda mwezi baada ya mwezi. Nikaomba taarifa za benki za miezi 6. Nikaziweka kushoto, slaidi kulia, nikapita mstari kwa mstari na rula. Mwezi wa nne slaidi zilisema dola 80,000; benki ilikuwa imeingiza 19,000. Waanzilishi hawakuwa wezi. Walikuwa wanahesabu mkataba uliosainiwa kama pesa iliyolipwa, na hakuna aliyewahi kuwaambia tofauti. Tuliwaeleza, wakarekebisha, na tukawekeza kwa bei nyingine. Tangu siku hiyo sikuona aibu tena.

Kwa hiyo usikimbilie kujifanya mtu wa teknolojia. Kama umefanya kazi hospitali, bandarini, kwenye bima au kwenye usimamizi wa seva, una macho ambayo mfuko hauna. Chagua eneo hilo moja, zijue kampuni zote changa zilizomo, na uwe mtu anayepigiwa simu likitajwa.

Andika, na utie tarehe

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu naamini hili ndilo linalomtofautisha anayekua na anayezeeka tu kazini.

Nunua daftari, au fungua faili, vyovyote. Kila kampuni unayoiangalia kwa dhati, andika kabla matokeo hayajajulikana. Kwanza, kampuni inafanya nini, sentensi moja ambayo mtu asiye wa fani ataielewa. Pili, ni mambo gani lazima yawe kweli ili iwe kubwa. Mara nyingi ni mawili au matatu, yakizidi hapo jua unajidanganya. Tatu, nini kitanionyesha kwamba nimekosea. Nne, uamuzi wangu. Tarehe chini. Usirudi kusahihisha.

Nina maingizo zaidi ya 600. Kila Desemba nasoma ya miaka mitano iliyopita, na yanauma. Kuna kampuni niliikataa kwa sababu soko lilikuwa dogo. Ilikua mara nyingi kuliko nilivyodhani. Niliporudi kwenye ukurasa nikaona kosa lenyewe, mwandiko wangu mwenyewe: nilihesabu watu waliokuwa wakilipia huduma ile wakati huo, sikuwahesabu ambao wangelipia bei ikishuka mara kumi. Nisingekuwa na ukurasa ule ningejisimulia kwamba ilikuwa bahati yao. Bessemer, moja ya nyumba kongwe za kazi hii, inaweka hadharani orodha ya kampuni ilizozikataa, Apple, Google na FedEx zikiwemo. Huo ni ujasiri ninaouheshimu.

Uchunguzi wa kina hauhitaji maneno mengi, lakini simu kwa wateja zinahitaji. Usimuulize mteja kama anaipenda bidhaa. Atasema ndiyo, ni mstaarabu. Muulize hivi: huduma hii ikizimwa kesho saa mbili asubuhi, utafanya nini? Kisha nyamaza. Niliwahi kumuuliza meneja mmoja ambaye alikuwa ameisifu kampuni kwa robo saa nzima. Akakaa kimya, nikasikia kiti chake kikilia, akasema, "Tungerudi kwenye Excel. Ingetuchukua siku moja." Andiko langu la kupendekeza tuwekeze lilikuwa limefika kurasa 11. Nililifunga jioni ile.

Kusema hapana

Katika kila kampuni 100 utakazokutana nazo utawekeza kwenye moja au mbili, pengine hakuna. Maana yake kazi yako ya kila siku ni kukataa watu, na sifa yako inajengwa na uliowakataa, maana ndio wengi.

Mwaka wangu wa pili nilimpiga danadana mwanzilishi mmoja kwa wiki 7. Sikukusudia. Nilimpenda, nikampenda na kampuni yake, na sikuwa na mamlaka ya kusema ndiyo. Kila wiki nilimwomba jedwali jipya nikitumaini mabosi wangelainika. Siku nilipompa jibu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema bila kupandisha sauti: "Dada, ungeniambia wiki ya pili, ningetafuta pesa kwingine na watu wangu wangepata mshahara." Sikuwa na la kujibu. Wiki chache baadaye nilimpigia kuomba radhi.

Tangu hapo, mtu akikutana nami, siku 10 hazipiti hajapata jibu, na jibu lina sababu halisi. "Bado ni mapema" husemwa pale tu ambapo ni mapema kweli, na unataja kipi kikitokea utarudi mezani. Kama huna mamlaka ya kuamua, mwambie mwanzilishi hivyo kwenye kikao cha kwanza, na mtajie nani anayo. Itakuvunjia heshima kwa dakika moja tu.

Kabla ya kusaini ajira yako

Uliza mfuko uko mwaka wa ngapi. Ukiingia mwaka wa tano pesa zimeshagawiwa, hutajifunza kuchagua. Utajifunza kujaza ripoti. Uliza mfuko uliotangulia umerudisha pesa taslimu kiasi gani kwa wenye pesa, si thamani iliyoandikwa kwenye karatasi. Thamani ya karatasi mara nyingi hupanda mwekezaji mpya anapoingia na inaweza kuyeyuka mwaka mmoja baadaye.

Uliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kupanda kutoka cheo chako mpaka kuwa mbia. Nyumba nyingi huajiri vijana kwa miaka 2 au 3 kisha huwaaga, na si vibaya ukijua mapema. Kuhusu mgawo wa faida, usifurahie neno tu: ni asilimia ngapi, ya mfuko upi, unakuwa wako baada ya miaka mingapi, na ukiondoka katikati kinabaki nini? Yaandikwe. Nimeona mwenzangu mwenye kipaji akiondoka mwaka wa sita mkono mtupu, kwa sababu ahadi yake ilikuwa ya mdomo.

Kuhusu vikao vya bodi za kampuni ulizowekeza nitasema machache. Soma ripoti usiku kabla. Zungumza kidogo. Mkurugenzi akikupigia na habari mbaya, mshukuru kwanza kabla hujauliza swali lolote, la sivyo habari mbaya inayofuata utaisikia kwa watu wengine. Na kampuni ikifa, kaa. Kuna wafanyakazi wa kulipwa, wateja wa kuarifiwa, wadai wa kuandikiwa barua, na mwanzilishi ambaye simu yake imeacha kulia.

Ukifika hatua ya kuanzisha mfuko wako, wenye pesa watataka orodha ya watu wa kuwauliza habari zako. Utawapa majina. Watawapigia hao, halafu watatafuta wale ambao hukuwataja. Sisi tulipokuwa tunachangisha pesa za mfuko wetu wa kwanza, walimpata yule mwanzilishi wa wiki 7, aliyekuwa kwenye kampuni yake ya pili. Alinieleza mwenyewe baadaye: walikuwa kwenye simu dakika 45, na 40 kati ya hizo waliuliza kuhusu wiki zile, nani alisema nini, na nilipopiga simu kuomba radhi nilitumia maneno gani.